Bega la Mama Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimvisha mama yake nguo. Alianza na mkono wa kulia, ule mbovu. Aliuingiza polepole kwenye gauni, kisha ule wa kushoto, akafunga vifungo vya mgongoni na kumchana nywele. Mama aliuma mdomo na kutazama ukuta mpaka kazi iishe. Mwisho alisema, "Ahsante, mama yangu," na wote wawili wakacheka kidogo.

Baada ya hapo Chiriku alikwenda kuchota maji bombani, akaosha vyombo, akafagia. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kufua. Waya wa kuanikia nguo uani ulikuwa juu sana, maana aliyeufunga ni marehemu baba yake, seremala mrefu kama mlango. Chiriku aligeuza ndoo, akapanda juu yake na kurusha shuka mpaka likanasa. Haya yote aliyafanya mapema, majirani wakiwa bado wamelala. Ndivyo mama alivyotaka.

"Shida zetu zinaishia mlangoni, Chiriku," mama alimwambia mara kwa mara. "Usiwape watu cha kuzungumza."

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, na hata walimu walishasahau kuwa ana jina jingine. Kumwambia mtoto kama huyo anyamaze ni kumpa kazi ngumu kuliko kuchota maji. Lakini kuhusu bega la mama alinyamaza kweli.

Bega lile liliharibikia kazini. Mama alikuwa mnyoosha mashuka katika kiwanda cha udobi kilichokuwa nyuma ya soko. Mashine ya kunyooshea ilikuwa na kifuniko kizito cha moto, na mpini wake ulikuwa juu. Ulitandaza shuka, ukavuta mpini chini kwa nguvu, mvuke ukatoka, ukaachia. Kisha shuka jingine. Mama alikuwa mfupi, kwa hiyo baba alikuwa amemchongea kigoda cha kusimamia. Wanyooshaji wengine wafupi nao walikuwa na vigoda vyao.

Ndipo akaja msimamizi mpya. Wafanyakazi walimwita Meno, maana meno yake yalikuwa nje saa zote. Alicheka akikusalimia, alicheka akikukata mshahara, na siku aliyomfukuza mwanamke mjamzito alicheka mpaka akakohoa. Meno alisema kupanda na kushuka vigoda kunachelewesha kazi. Akavikusanya vyote. Mama alipoomba chake, kwa kuwa ni kumbukumbu ya mumewe, Meno alimjibu, "Pole, dada yangu. Kilivunjika, kikatiwa motoni."

Tangu siku hiyo mama alivuta mpini mkono ukiwa juu ya kichwa, kutwa nzima, shuka baada ya shuka. Bega likaanza kuuma, kisha likakakamaa. Alipolalamika, Meno alisimamisha mashine zote na kutangaza kwa sauti, "Jamani, mwenye bega bovu anyooshe mkono juu tumwone!" Mama akajaribu. Mkono ukafika kifuani, ukagoma. Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa sababu Meno alicheka, lakini kicheko ni kicheko, na mama alikisikia chote.

Daktari wa hospitali alieleza kuwa kano za bega, zile kamba zinazoshikilia nyama kwenye mfupa, zilikuwa zimechakaa na kuchanika. "Hii imetokana na kazi," alisema. "Dai fidia yako." Kiwandani wakamwambia akapumzike nyumbani. Mshahara nao ukapumzika. Mama akapeleka madai katika ofisi ya kazi, na yeye na binti yake wakabaki kusubiri. Bila fidia hiyo, Chiriku angeacha shule akafue nguo za watu. Walilijua hilo wote wawili, ingawa hawakulitamka.

Mama alizoea kutembea ameweka mkono mbovu kiunoni, maana ukining'inia ulimuuma zaidi. Watoto wa mtaani walimtazama, wakaona mkono umejikunja kama mpini, wakampa jina: Birika. Kila jioni walikaa juu ya ukuta wa uani kama kunguru. "Birika huyo anapita! Chai tayari!" Mama alipita kimya. Chiriku alilia chooni ili mtu asimwone.

Jumamosi moja mama alikuwa amekwenda hospitali kwenye mazoezi ya bega. Chiriku alikuwa amechelewa kuamka, hivyo alimaliza kuanika jua likiwa limeshapanda. Alikuwa ndio kwanza ameweka ndoo pembeni aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi hodi!"

"Karibuni. Shikamooni."

"Marahaba, binti mzuri." Alikuwa Meno, ameongozana na karani wake, msichana aliyeshika simu kifuani kama anayesoma ujumbe. Meno alimpa Chiriku pakiti ya biskuti. "Mama yupo?"

"Ametoka kidogo."

"Basi tutamwona siku nyingine. Tulikuja kumjulia hali tu." Meno alitazama mashuka yaliyokuwa yakipepea juu. "Lo, mashuka yametakata! Nani kafua?"

Juu ya ukuta wale kunguru wa mtaani wote walikuwepo. Walikuwa wamenyamaza, wanasubiri kusikia. Chiriku aliwaona kwa pembe ya jicho, na ile hasira ya siku nyingi ikampanda.

"Mama!" akajibu kwa sauti kubwa ili nao wasikie. "Nani mwingine? Mama yangu anafua mwenyewe na kuanika mwenyewe!"

"Huko juu kote?"

"Anafika bila hata kujinyoosha. Na maji anachota yeye. Ndoo anaipandisha kichwani kwa mkono mmoja, huu wa kulia!"

"Kumbe!" Meno akacheka. "Ana nguvu mama yako. Hongera yake."

Aliondoka akicheka. Kunguru nao wakashuka ukutani bila kusema neno, na Chiriku akaona siku hiyo ameshinda. Biskuti zilikuwa tamu. Alizila zote, na mama aliporudi hakumwambia nani alikuja, kwa sababu hakutaka kuulizwa alisema nini.

Siku ya kusikilizwa madai, Chiriku aliombewa ruhusa shuleni ili ambebee mama mkoba. Ofisi ya kazi ilikuwa chumba chenye meza ndefu na madirisha yasiyofunguka. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Upande mmoja wa meza alikaa mama, Chiriku nyuma yake. Upande wa pili alikaa Meno na karani wake.

Mama alieleza kuhusu mpini, vigoda na mkono. Alizungumza taratibu, macho mezani. Alikuwa amemwomba mwenzake wa mashine ya jirani aje kumtolea ushahidi, lakini yule alimwambia, "Mwenzangu, nina watoto," akafunga mlango.

Zamu ya Meno ilipofika, alisimama na kufunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, huyu mama sisi tunampenda. Ni kama dada yangu wa tumbo moja. Lakini kazini kwetu hapajawahi kuwa na kigoda hata kimoja. Labda anaota mchana. Na hilo bega, kama kweli linauma, basi ni kazi za kwake nyumbani. Naomba tumsikilize mtu anayeishi naye."

Karani akaweka simu mezani. Sauti ya Chiriku ikajaza chumba, kali na ya furaha. *Mama yangu anafua mwenyewe na kuanika mwenyewe! Ndoo anaipandisha kichwani kwa mkono mmoja, huu wa kulia!*

Mama aligeuka nyuma, akamtazama Chiriku. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa na hajui kapigwa na nani.

"Hii ni sauti ya mtoto wako?" afisa aliuliza.

"Ni yake."

"Alichosema ni kweli?"

Mama alifungua kinywa, akafunga. Kusema ni uongo ilikuwa kumwita binti yake mwongo mbele ya watu. Kusema ni kweli ilikuwa kulizika bega lake pale pale. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto.

"Mtoto hadanganyi, mheshimiwa," Meno alisema kwa upole. "Watoto ni malaika."

"Nilidanganya!" Chiriku alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Nilidanganya mimi. Anayefua ni mimi. Maji nachota mimi. Mama hata vifungo vya gauni hawezi kufunga, namfunga mimi!"

Meno akacheka. "Sasa tumsadiki Chiriku yupi, mheshimiwa? Wa Jumamosi au wa leo? Nadhani huyu wa leo amefundishwa na mtu."

Afisa alivaa miwani, akamtazama Chiriku. "Kwa nini ulidanganya?"

"Kwa sababu..." Machozi yakamtoka. "Kwa sababu wanamwita mama Birika."

Karani alijiziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Meno hakujiziba. Alicheka mpaka akafuta macho, akaangalia mkono wa mama uliokuwa kiunoni, akacheka upya. "Birika! Wallahi wamepatia!"

Afisa hakucheka. Wala hakumbembeleza Chiriku. "Binti, uongo wako umemdhuru mama yako kuliko hata ile mashine. Sasa maneno yako siwezi kuyategemea, ya Jumamosi wala ya leo. Nitakwenda huko huko kiwandani nikaone kwa macho yangu. Tena sasa hivi."

Walipanda gari la ofisi. Njia nzima mama hakumsemesha Chiriku. Chiriku alipakata mkoba na kutazama viatu vyake. Alitamani angalau atukanwe.

Kiwandani palikuwa na joto la kuchemsha yai. Wanawake walivuta vifuniko, mvuke ukafoka, wakaachia, wakavuta tena. Hakuna aliyemsalimia mama. Yule mwenzake wa mashine ya jirani aliinamia shuka lake kama anayetafuta sindano. Afisa alimwomba mama asimame mbele ya mashine yake ya zamani. Mpini ulikuwa juu ya kichwa chake.

"Alishazoea," Meno alisema haraka. "Mheshimiwa, hapa joto ni kali. Karibu ofisini kwangu upate maji ya baridi."

Ofisi ya Meno ilikuwa na feni, meza kubwa na kiti cha kuzunguka. Alimpa afisa kiti cha wageni. Mama alibaki wima kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha. Meno aliketi, akanyoosha miguu chini ya meza na kuiweka juu ya kitu, kama mtu aliyezoea. Chiriku alikuwa amejibanza pembeni na mkoba. Kwa kuwa aliona aibu kutazama nyuso za watu, alitazama chini. Akaona viatu vya Meno vinavyong'aa. Akaona na kilichokuwa chini ya viatu.

"Kigoda cha baba!"

Kabla mtu hajamzuia, alikuwa amepiga magoti, ameingia chini ya meza na kuking'ang'ania kile kigoda. Meno alimsukuma kwa mguu. "We mtoto, toka! Hicho ni cha kuwekea miguu, nilikinunua sokoni!"

"Si ulisema hapa hapajawahi kuwa na kigoda?" afisa aliuliza.

"Kazini hapajawahi. Hiki ni changu binafsi."

"Si chake!" Chiriku alilia kutoka chini ya meza. "Kina ndege kwa chini. Nilimchora mimi kwa msumari nilipokuwa mdogo. Ana miguu mitatu kwa sababu nilikosea, baba akasema tumwache hivyo hivyo!"

"Nipe hapa," afisa alisema. Akakipokea kigoda, akakigeuza. Ndege alikuwepo, mdomo wazi, miguu mitatu. Mama alimtazama yule ndege, akaegemea ukuta. Mwaka mzima aliamini kigoda cha mumewe kilichomwa moto, kumbe mtu alikuwa anapumzishia viatu.

Kwa mara ya kwanza meno ya Meno hayakuonekana.

Afisa alitoka na kigoda mkononi hadi katikati ya mashine. "Zimeni!" akaamuru. Kelele zikafa. "Nataka kujua jambo moja tu. Aliyewahi kuwa na kigoda hapa, anyooshe mkono juu."

Hakuna aliyejitingisha. Wanawake walitazama mashuka, walitazama mlango wa ofisi, walitazamana. Ndipo yule wa mashine ya jirani, aliyemfungia mama mlango, akajifuta uso na kunyoosha mkono. Akafuata mwingine, na mwingine nyuma kabisa. Lakini Chiriku aliona kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Mikono haikupanda sawa. Mmoja ulifika usawa wa bega ukatetemeka. Mmoja ulilazimika kuinuliwa na mkono wa pili. Mwanamke mwingine alijaribu, akafumba macho, akauteremsha. Kumbe wote walikuwa wagonjwa, na kila mmoja alikuwa anauficha ugonjwa wake asije akawa Birika wa pili.

Mama naye alinyoosha wake. Ukafika kifuani, ukagoma. Safari hii hakuna aliyecheka.

Madai yalikubaliwa. Kiwanda kiliamriwa kumlipa mama kila mwezi kwa sababu ya bega, na wanyooshaji wote wakapelekwa kwa daktari. Vigoda vilirudi. Chiriku aliendelea na shule. Ukitaka kusikia kwamba Meno alifungwa jela, utasikitika: alihamishiwa tawi jingine, na inasemekana huko nako anacheka. Bega nalo halikurudi. Daktari alisema wazi kwamba mkono ule hautapanda tena juu ya kifua. Fidia inalipia bega, hailirudishi.

Jumamosi iliyofuata mama aliketi uani juu ya kigoda cha mumewe, Chiriku akawa anamchana nywele. Chiriku alikuwa ameshaomba msamaha mara nyingi mpaka maneno yamemwishia.

"Nisikilize, mwanangu," mama alisema. "Ulikosa. Ulisema uongo kunipamba, nami nikavuliwa nguo mbele ya watu. Uongo wa kumsifu mtu unaumiza sawasawa na uongo wa kumsingizia. Hilo usilisahau."

"Sitasahau, mama."

"Lakini nami nilikosa. Nani alikufundisha kufunga mlango ili watu wasione? Kule kiwandani tulikuwa tumefunga milango sote, kila mtu na bega lake, na Meno akatumaliza mmoja mmoja. Ukiumizwa, sema. Sema mapema, sema kweli, usiongeze wala usipunguze. Hata wakicheka. Kicheko hakivunji bega."

Aliinuka, akakisogeza kigoda kwa mguu mpaka chini ya waya. Chiriku akapanda na kuanza kuanika, jua likiwa juu, mlango ukiwa wazi. Kunguru walikuwa wameshakaa ukutani.

"We Chiriku! Leo Birika amegoma kuanika?"

"Hajagoma," Chiriku alijibu bila kugeuka. "Mkono wake haupandi. Kazi ndiyo iliyouharibu. Siku zote anayeanika ni mimi, na ile Jumamosi niliwadanganya."

Wakacheka, kama kawaida yao. Mama hakuingia ndani. Alibaki amesimama pale pale, mkono kiunoni, akimpa binti yake vibanio kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, mpaka shuka la mwisho likakaa vizuri kwenye waya.